Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya zetu Marekani: bahasha ya juri isiishie kwenye pipa la taka

Kwa wachungaji, masheikh na maimamu, wenyeviti wa vyama vya Watanzania, Wakenya, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, na wote mnaoendesha madarasa ya uraia katika kumbi za makanisa, misikiti na maktaba za miji ya Marekani.

Tunawasalimu kwa heshima.

Katika yale maswali 100 ya mtihani wa uraia wa mwaka 2008, swali la 49 linataka mtu ataje wajibu mmoja ulio wa raia wa Marekani peke yao. Majibu yanayokubaliwa ni mawili: kuhudumu kwenye juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani, au kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Watu wetu wengi wamelikariri hilo hadi wanalijibu usingizini. Darasa linaishia hapo. Mtu anaapa, anapokea cheti, anapiga picha ameshika kibendera, pilau linaliwa. Kisha siku moja inaingia bahasha ya mahakama ya kumwita kwenye juri, kwenye sanduku la barua, na hakuna aliyewahi kumweleza la kufanya nayo.

Anayeulizwa ni ninyi. Majibu tunayoyasikia yakizunguka, na yanatolewa kwa nia njema, ni matatu: itupe, kwani hawafuatilii; waambie hujui Kiingereza; andika kwamba wewe si raia. Yote matatu yanawaumiza watu, na hilo la tatu ndilo baya kuliko yote. Sisi ni wakalimani wa Kiswahili mahakamani na walimu wa madarasa ya uraia. Tunawaomba mwongeze kipindi kimoja tu katika darasa lenu, cha bahasha hii, na hapa chini tunaeleza kinachopaswa kuwamo.

Wanafunzi waanze kwa kuelewa barua imewafikiaje. Mahakama haimchagui mtu kwa sababu imesikia habari zake. Majina huchotwa kwa bahati nasibu na kompyuta kutoka orodha za wapiga kura, na katika majimbo mengi huongezwa orodha za leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Orodha za leseni zina watu ambao bado si raia. Ndiyo maana mama mwenye kadi ya kijani, aliyefika mwaka juzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, anaweza kupokea wito sawa na raia wa kuzaliwa. Wito huo haumaanishi kwamba serikali sasa inamhesabu kuwa raia, wala kwamba ameshtakiwa kwa lolote.

Huyo mama anatakiwa kufanya jambo moja: kujibu. Karibu kila fomu ina swali la uraia. Ajibu kwamba si raia, atie sahihi, airudishe kwa wakati, na abaki na nakala. Mahakama nyingine zitamtaka aambatishe nakala ya kadi yake. Jina lake litaondolewa, na mambo yameisha. Asiitupe kwa kuwa haimhusu, maana karani hawezi kujua kwamba haimhusu mpaka aambiwe.

Hatari kubwa iko upande wa pili, pale mtoto wa miaka 15 anapoijaza kwa niaba ya mama mtandaoni na kubonyeza "ndiyo" kila mahali ili ukurasa usonge mbele. Fomu hiyo hujazwa chini ya kiapo. Kudai uraia usio wako ni miongoni mwa makosa mazito kabisa katika sheria ya uhamiaji: linaweza kumfungia mtu mlango wa uraia na hata kumwingiza kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Zaidi ya hayo, fomu ya maombi ya uraia, N-400, inauliza waziwazi kama mwombaji amewahi kudai kuwa raia, kwa maandishi au kwa njia nyingine yoyote. Kosa la dakika mbili kwenye simu ya mtoto linarudi miaka mitano baadaye mbele ya ofisa wa uhamiaji. Yeyote ambaye tayari limemtokea aonane na wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya kupeleka ombi lolote, na si yule jamaa wa kujaza fomu mtaani.

Tuje sasa kwa raia anayeshauriwa aandike kwamba si raia ili asisumbuliwe. Naye anadanganya chini ya kiapo, na uongo wake unasafiri. Texas, kwa mfano, sheria inamtaka karani apeleke majina ya walioondolewa kwenye juri kwa kusema si raia hadi kwa msajili wa wapiga kura wa kaunti. Mtu aliyetafuta kukwepa siku moja ya kazi anajikuta jina lake linachunguzwa kwenye daftari la kura. Tafadhali, ushauri huu ukome.

Kuhusu kuitupa, sheria ya shirikisho inasema anayeitwa asipofika bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000, kufungwa hadi siku tatu, kupewa kazi za kijamii, au vyote kwa pamoja. Mahakama za majimbo zina adhabu zao. Mara nyingi hatua ya kwanza huwa barua ya pili tu. Tatizo la watu wetu ni kuhama: familia inapanga nyumba huku, mwaka ukiisha inahamia kule, na barua ya pili inakwenda kwenye anwani ya zamani. Kubadilisha anwani posta hakutoshi. Anwani ibadilishwe pia kwenye leseni na kwenye daftari la kura, kwa kuwa orodha zinatoka huko.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni maana yenyewe ya juri, kwa sababu wanalipima kwa kipimo cha nyumbani. Tanzania, wazee wa baraza walikaa na jaji wa Mahakama Kuu kwenye kesi za mauaji, wakasikiliza, wakatoa maoni, lakini jaji hakufungwa na maoni yao. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, hata kukaa nao si lazima tena. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Mtu aliyekulia huko anadhani anaitwa akashauri tu. Marekani sivyo. Jaji anasimamia sheria na utaratibu, lakini kama jambo limetendeka au halikutendeka, wanaoamua ni wanajuri. Katika kesi za makosa makubwa ya jinai lazima wote wakubaliane. Mahakama ya Juu ya Marekani ililithibitisha hilo kwa majimbo yote mwaka 2020. Kwa hiyo mwanamke mmoja anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, akiwa mmoja wa wale 12, ana uzito sawasawa na profesa aliyekaa kando yake. Mara nyingi ni 12. Florida hutumia sita kwenye kesi nyingi za jinai, na kesi za madai za shirikisho huanzia sita.

Sifa za kuhudumu katika mahakama za shirikisho zinajulikana: uwe raia, umetimiza miaka 18, umeishi mwaka mmoja ndani ya wilaya ya mahakama hiyo, uweze kusoma, kuandika na kuelewa Kiingereza kiasi cha kuijaza fomu yenyewe, uweze kukizungumza, na usiwe na kesi au hukumu ya kosa kubwa la jinai, isipokuwa haki zako zimerudishwa. Majimbo hayatofautiani sana na haya. Mwenye zaidi ya miaka 70, au aliyehudumu ndani ya miaka miwili iliyopita, anaweza kuomba asamehewe katika wilaya nyingi za shirikisho. Asisubiri kusamehewa bila kuomba.

Mahakama za shirikisho kwa kawaida hutuma kwanza fomu ya maswali, ambayo sheria inataka irudishwe ndani ya siku 10, kisha wito huja baadaye. Mahakama nyingi za majimbo huunganisha vyote katika bahasha moja. Siku hizi fomu hujazwa mtandaoni kwa namba ya mshiriki iliyoandikwa kwenye barua. Mfundishe watu kuitafuta namba hiyo kabla hawajafungua tovuti. Mwenye safari, mgonjwa, mtoto mchanga au mtihani aombe kuahirishiwa mapema, kwa maandishi, akitaja tarehe nyingine anayoweza. Ombi la kwanza mara nyingi hukubaliwa bila taabu. Linalokataliwa ni lile linaloletwa asubuhi ya siku yenyewe.

Kuna kosa dogo hapa ambalo ni letu peke yetu. Mtoto anamsomea bibi barua iliyoandikwa 8:00 asubuhi, anamwambia "saa nane". Bibi anafika saa nane mchana, wakati wenzake waliitwa tangu saa mbili. Anayetafsiri barua ya mahakama atafsiri na saa: 8:00 asubuhi ni saa mbili. Tena karibu kila wito una namba ya kundi, na jioni ya kuamkia siku hiyo, mara nyingi kuanzia saa kumi na moja, mtu hupiga simu au kuangalia tovuti ya mahakama kuona kama kundi lake linahitajika. Makundi mengi huambiwa yasije. Asiyejua hili hupoteza siku nzima ya mshahara kwa kwenda mahali asipohitajika, au hubaki nyumbani siku anayohitajika.

Siku yenyewe huanza kwa mlango wa ukaguzi. Kisu kidogo cha kumenyea matunda kibaki nyumbani. Baada ya kujiandikisha, watu hukaa kwenye ukumbi wa kusubiri, wanaonyeshwa video, na wanaweza kukaa humo saa nyingi bila kuitwa. Wabebe dawa zao, chakula na kitabu. Kisha majina ya kundi husomwa, na karani atayatamka vibaya majina yetu. Mwambieni mtu asikilize pia namba yake, maana wapo waliobaki wamekaa kwa sababu hawakulitambua jina lao lilivyosomwa.

Ndani ya chumba cha mahakama, kundi zima huapishwa kwamba litajibu ukweli. Yule ambaye dini yake haimruhusu kuapa anaruhusiwa kutoa uthibitisho usiotaja jina la Mungu, na uzito wake kisheria ni uleule. Aseme tu mapema.

Hapo ndipo yanapoanza mahojiano ya kuchagua wanajuri, na hapa ndipo tungependa mkae zaidi na watu wenu, kwa kuwa adabu yetu na lugha yetu vinatutega. Jaji atauliza: unamfahamu mshtakiwa, wakili au shahidi yeyote? Una ndugu askari polisi? Umewahi kuwa mhanga wa uhalifu? Unafanya kazi gani? Baadaye mawakili nao huuliza. Hakuna jibu sahihi la kukariri kama kwenye mtihani wa uraia. Mtu wetu, akiona joho na bendera, anataka kumpendeza mkubwa: anainamisha macho, anatikisa kichwa, anasema "ndiyo" ili jambo lipite. Kwa macho ya wakili wa huku, anayekwepa macho anaficha kitu, na anayekubali kila kitu hajaelewa swali. Si haki, lakini ndivyo wanavyosoma. Bora aseme wazi, "Sikuelewa, tafadhali rudia." Jaji atarudia, na hakuna atakayemcheka.

Mtego mkubwa zaidi ni swali la kukanusha. Wakili anauliza kwa mkato, "Huna tatizo na askari polisi kutoa ushahidi?" Kwa Kiswahili, asiye na tatizo hujibu "ndiyo", yaani ndiyo, sina. Akiipeleka "ndiyo" hiyohiyo kwa Kiingereza, inasikika kinyume: ndiyo, ninalo tatizo. Mwandishi wa mahakama anaandika neno kama lilivyotamkwa. Wakili mmoja atauliza tena. Mwingine ataweka alama kando ya jina na kusonga mbele. Mfanyeni kila mwanafunzi azoee kujibu kwa sentensi nzima: sina tatizo, ninaweza, siwezi, simfahamu. Zoezi la dakika 10, watu wawili wawili, mmoja wakili na mwingine mwitwa, linatosha kuondoa kosa hili.

Swali jingine linalowanasa watu wetu ni kama mshtakiwa asiposimama kujitetea watamwona ana hatia. Kwetu, anayenyamaza amekubali. Katika sheria ya huku, mshtakiwa ana haki ya kunyamaza, na juri haliruhusiwi kuuchukua ukimya wake kuwa ushahidi dhidi yake. Mwenye kuamini moyoni kwamba asiye na hatia lazima aseme, aliseme hilo wakati wa mahojiano. Mwenye imani kwamba maandiko yanamkataza kumhukumu binadamu mwenzake, naye aseme. Kutamka mapema hakumletei adhabu.

Na wapo waliopita vitani. Kesi ikiwa ya ubakaji au mauaji, mama aliyetoka Kivu anaweza kuulizwa mbele ya watu 50 kama yeye au mtu wa familia yake amewahi kutendewa jambo kama hilo. Ana haki ya kuomba kulieleza faragha, pembeni kwa jaji na mawakili tu, au nje ya masikio ya wenzake. Sentensi moja ya Kiingereza, iliyokaririwa vizuri, ya kuomba kuzungumza na jaji kando, itamlinda kuliko kitu kingine chochote tunachoweza kumfundisha.

Kuondolewa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupingwa kwa sababu: wakili anaonyesha kwamba mtu huyu hawezi kutenda haki, au hana sifa, na jaji anaamua. Njia hii haina kikomo cha idadi. Ya pili ni kupingwa bila kutaja sababu, na hii ina idadi maalumu: katika kesi za makosa makubwa ya jinai za shirikisho, upande wa serikali una nafasi 6 na wa utetezi 10, katika kesi za madai, kila upande 3. Arizona imeifuta njia hii ya pili tangu Januari 2022. Kwingineko, tangu kesi ya Batson katika Mahakama ya Juu mwaka 1986, wakili haruhusiwi kuitumia kumwondoa mtu kwa rangi yake, na tangu 1994, kwa jinsia yake. Wakili akishukiwa, hutakiwa aeleze sababu. Jimbo la Washington lilikaza zaidi mwaka 2018 kwa kanuni inayokataa pia baadhi ya visingizio vya kawaida, kama kusema mtu hakumtazama wakili machoni bila jaji au wakili wa upande wa pili kuthibitisha. Mtu akiondolewa bila kuelezwa, asitoke akidhani ameaibishwa. Huenda wakili alitaka tu nafasi ya mtu mwingine.

Lafudhi si sababu ya kuondolewa. Kinachopimwa ni kuelewa. Lakini asiyeelewa kweli asijikaze kwa heshima: ushahidi wa daktari wa maiti au wa mhasibu una maneno magumu, na mshtakiwa anastahili kusikilizwa na mtu anayeyafuata. Aandike ukweli kwenye fomu. New Mexico peke yake ina njia tofauti. Katiba yake inakataza haki ya kukaa kwenye juri kuzuiwa kwa sababu mtu hawezi kuongea, kusoma au kuandika Kiingereza au Kihispania, na mahakama za jimbo hilo hutafuta wakalimani wa wanajuri. Mkalimani huingia nao hata kwenye chumba cha majadiliano, akiwa ameapa kutochangia neno lake mwenyewe. Familia za Kikongo zinazoishi Albuquerque zinapaswa kujua hili, na kuijulisha mahakama lugha yao mara tu fomu inapofika, maana mkalimani wa Kiswahili hapatikani kwa siku moja.

Sasa jambo ambalo sisi wakalimani linatugusa moja kwa moja. Mwanajuri anayejua Kiswahili akikaa kwenye kesi yenye shahidi wa Kiswahili, atasikia mara mbili: maneno ya shahidi, na tafsiri. Mwaka 1991, katika kesi ya Hernandez dhidi ya New York, Mahakama ya Juu ilikubali mwendesha mashtaka awaondoe watu wajuao Kihispania kwa shaka kwamba hawangeifuata tafsiri ya mahakama. Kwa hiyo swali litaulizwa: je, utaikubali tafsiri ya mkalimani kuwa ndio ushahidi? Ajibu kwa ukweli, na ajue maana yake kabla ya kujibu.

Tafsiri hukosea, na tunajua inapokosea. Shahidi anasema mtu alifika saa mbili usiku. Mkalimani mchovu anasema saa mbili ya Kiingereza, na tukio linahama kutoka muda wa chakula cha jioni hadi usiku wa manane. Shahidi anasema "ndugu yangu". Inatafsiriwa kaka wa kuzaliwa, wakati ni mtoto wa shangazi, na wakili wa upande wa pili anamwita shahidi mwongo kwa kuwa fomu zake za ukimbizi hazina kaka huyo. "Baba mdogo" anageuka baba mfupi. "Alinishika mkono": ni kiganja au ni mkono mzima? Kiingereza kina maneno mawili, sisi moja, na katika kesi ya kujeruhi tofauti hiyo inabeba uzito. "Mguu" vilevile. Shahidi akiwa wa Lubumbashi na mkalimani wa Mombasa, makosa huongezeka.

Mwanajuri aliyesikia kosa la namna hiyo afanye nini? Asiwaeleze wenzake chumbani. Akifanya hivyo amegeuka shahidi asiyeapishwa wala kuhojiwa, na kesi nzima inaweza kubatilika. Aandike kikaratasi papo hapo: shahidi alisema nini, tafsiri ilikuwa nini, wakati gani. Ampe askari wa mahakama, amfikishie jaji. Jaji atawaita mawakili, watasikiliza, na ikibidi swali litarudiwa. Tunaandika haya tukiwa wakalimani wenyewe: tunapenda kusahihishwa kwa njia hiyo kuliko mshtakiwa afungwe kwa saa mbili isiyo saa mbili.

Katika siku zote za kesi, mwanajuri hatafuti chochote mtandaoni, haendi kuangalia eneo la tukio, hajadili kesi na mumewe wala mkewe. Kikundi cha WhatsApp cha jumuiya nacho kimo kwenye katazo hilo. Na ninyi viongozi, tafadhali, msimpigie muumini wenu simu kumwombea "kijana wetu" aliyeshtakiwa. Kumshawishi mwanajuri ni kosa la jinai kwa anayeshawishi.

Fedha ni kikwazo cha kweli, tusikifiche. Mahakama za shirikisho hulipa dola 50 kwa siku pamoja na nauli ya maili, na huweza kufika dola 60 kesi ikizidi siku 10. Majimbo mengi hulipa kidogo kuliko hapo. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa mshahara siku za juri, lakini baadhi ya majimbo yana zao: Massachusetts, mwajiri hulipa siku tatu za kwanza na jimbo hulipa dola 50 kuanzia ya nne, Colorado, mwajiri hulipa hadi dola 50 kwa siku, siku tatu za kwanza. Kumfukuza au kumtisha mfanyakazi wa kudumu kwa sababu ya juri la shirikisho ni marufuku, na majimbo mengi yana katazo kama hilo. Mfanyakazi amwonyeshe msimamizi wito siku ileile unapofika, na abaki na nakala. Siku ya mwisho asiondoke bila cheti cha mahudhurio kutoka kwa karani. Idara ya malipo itakidai. Mwenye zamu ya usiku aombe mapema zamu ya kuamkia mahakama iondolewe, na akikataliwa amweleze karani kabla ya siku, maana mtu asiyelala hawezi kufuatilia ushahidi. Ambaye kesi ya wiki tatu itamwacha bila kodi ya nyumba alete hesabu zake kwa jaji wakati wa mahojiano: kodi kiasi gani, watoto wangapi, nani mwingine anafanya kazi. Majaji husikiliza tarakimu kuliko malalamiko.

Kuna na wezi. Wanapiga simu wakidai mtu hakufika kwenye juri, hati ya kumkamata imetoka, alipe sasa hivi kwa kadi za zawadi au kwa kutuma fedha kwa simu. Mahakama haikusanyi faini namna hiyo, wala haiombi namba ya hifadhi ya jamii kwa simu. Akate simu, apige mwenyewe namba ya karani iliyoko kwenye tovuti ya mahakama. Litangazeni hili pamoja na matangazo ya Ijumaa na ya Jumapili. Wazee wetu ndio wanaolengwa.

Kwa nini tunawabana ninyi na si mahakama? Mahakama nazo tunaziandikia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inataka juri lichotwe kutoka mchanganyiko wa haki wa watu wa eneo hilo. Lakini mchanganyiko huo haupatikani iwapo bahasha za mitaa yetu hazirudi. Kijana wa Kiswahili anaposhtakiwa, anageuka kuangalia watu 50 walioitwa, na hakuna hata mmoja anayejua "ndugu" ni nani.

Maombi yetu ni haya. Ombeni kwa karani wa kaunti yenu fomu tupu, au nakala ya wito wa mfano, mjaze nayo darasani, mstari kwa mstari, wenye kadi za kijani na raia wakiwa pamoja. Mwalikeni karani au jaji aje jioni moja kujibu maswali. Wengi wao hukubali kuja wakiombwa kwa barua. Mteue mtu mmoja katika kila jumuiya, mtu mzima anayejua Kiingereza cha barua, ambaye bahasha zote za mahakama zitapelekwa kwake kabla mtoto hajabonyeza chochote. Mwandikieni karani kumwomba karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili iwekwe ndani ya bahasha, yenye mambo manne tu: hujashtakiwa; kama si raia jibu hivyo na urudishe; kuahirisha kunaombwa hivi; usilipe mtu yeyote kwa simu. Tafsiri tutaifanya sisi bila malipo, na tutaipima kwa wasomaji wa Kongo na wa pwani kabla haijachapwa.

Darasa lenu lijalo la uraia likipangwa, tupeni jioni ya swali la 49.

Wenu katika kazi,
Wakalimani wa Kiswahili mahakamani na walimu wa madarasa ya uraia